Soko la Mwalimu wa Zamu

Kuna walimu ambao zamu yao huisha Ijumaa jioni, mwingine akaichukua Jumatatu. Ya mwalimu wetu haikuisha. Alistaafu, akapewa blanketi na birika mbele ya wazazi, akarudi kwake nje kidogo ya Chaka, na bado yuko zamu. Ukikutana naye sokoni shati lako likiwa nje, unachomekea kabla hujasalimia. Muriuki, niliyesoma naye, ana duka la hadiwea Nanyuki, la misumari na mabati, na tumbo la kuwatosha wawili, na yeye pia huchomekea. Mimi nauza na kutengeneza vifaa vya umeme mjini Nyeri, nina binti sekondari, Kui, lakini Mwalimu wa Zamu ananiita Kasichana mbele ya wateja wangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia: Mwalimu, pumzika sasa, tumekua. Hilo ndilo lililoleta haya yote, na nikilikumbuka damu inanichemka.

Huja mjini na koti la suti juu ya gambuti. Koti ni la mjini, gambuti ni za boma, na kati ya hivyo viwili kuna mtu ambaye hajawahi kuona haya. Hapigi hodi. Anagonga kaunta kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama mtu anayepima tikiti maji, halafu anaangalia dari. Akikuta utando wa buibui anauangalia mpaka wewe mwenyewe uuone. Akishatosheka ndipo anauliza habari za nyumbani, na hapo anauliza kwa kweli: anajua mama yako aliugua mguu gani, wa kulia au wa kushoto.

Kwa wasiomjua, nieleze alivyotutia adabu. Tulipokuwa watoto hakuna nyumba Chaka iliyokuwa na mashine ya gemu. Kulikuwa na chumba kimoja nyuma ya bucha, gunia limening'inizwa mlangoni, ndani televisheni ndogo na mashine moja ya kijivu yenye jostiki mbili. Gemu zilikuwa kwenye kaseti za kuchomeka. Kaseti ikigoma unaipuliza, inakubali. Sheria ya chumba ilikuwa moja: anayeshindwa anainuka, anayeshinda anabaki, sisi wengine tunabanana kwenye mabenchi tukipiga kelele na kungoja aliyebaki aanguke. Mle ndani palinuka nyama mbichi na soksi. Sijawahi kuwa na raha kama ile tena, na nimeolewa.

Mwalimu wa Zamu aliijua njia ya chumba kile kuliko sisi. Aliingia kimya akasimama nyuma ya benchi la mwisho, na la ajabu ni kwamba hakukatiza mchezo. Alisubiri. Ungehisi kelele zimepungua kuanzia nyuma kuja mbele, ukajua, lakini ukaendelea kucheza kwa sababu ukishindwa tu sikio ni lake. Siku hizo nilicheza vizuri mno. Nilikuwa nacheza kuokoa maisha yangu. Mwishowe unakufa, kila mtu hufa kwenye gemu, na yeye anakwambia kwa upole, "Haya, simama." Kesho yake ni kiboko mbele ya gwaride.

Alitufundisha sayansi na kilimo, na mambo ya ng'ombe aliyajua barabara. Watu walimtoa Chaka wakampeleka hadi Timau kuwakagulia ng'ombe wa kununua. Hakuangalia chuchu, hakuangalia ukubwa. Alikuwa anaomba kulala hapo hapo bomani kwa muuzaji, amwone ng'ombe akikamuliwa jioni, kisha amwone akikamuliwa asubuhi, kwa sababu muuzaji mjanja huacha kukamua siku moja ili kiwele kijae. "Mtu akikuharakisha," alisema, "jua kuna kitu hataki ukione kesho." Nimeishi kwa maneno hayo. Nimekataa mizigo mingi ya simu bandia kwa sababu yake.

Ndiyo maana nashindwa kumwelewa. Mtu anayelala ugenini ili kuhakikisha maziwa ya ng'ombe mmoja alikuja dukani kwangu msimu wa ukame, akaweka simu juu ya kaunta, akaniambia amepata biashara.

"Kasichana, unaona hii? Zimerudi."

Nikaona picha ya mashine ya kijivu, ile ile, ila safi na ndogo kidogo, ndani ya sanduku la kupendeza.

"Zimerudi wapi, Mwalimu?"

"Zimeundwa upya. Gemu ziko ndani tayari, hakuna kupuliza kaseti. Huko ng'ambo watu wanapiga foleni."

"Huku si ng'ambo."

"Huku ndiko kuna njaa yake. Wewe hujui soko. Mimi soko ninalijua, nimelichapa mwenyewe, mmoja mmoja."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Fikiria," akasema, na akainua kidole kama yuko ubaoni. "Mtoto akikubali kuchapwa kwa sababu ya kitu, leo achapwe, kesho arudi, hicho kitu anakipenda ama hakipendi? Sasa hao watoto wako na kazi. Hakuna wa kuwachapa. Si watanunua?"

Nakiri hoja ilikuwa na miguu. Lakini dukani mimi ndiye nakaa, si yeye. Nilimwambia kijana wa leo ana gemu kwa simu, bure, na anacheza na mtu aliye mjini Kenol bila kutoka kitandani. Akasema hauzii vijana. Nikamwambia watu wa rika langu wamechoka, wakifika nyumbani wanataka taarifa ya habari na usingizi. Akasema uchovu ni uvivu uliovaa tai. Nikamwambia basi aagize moja tu, tuiweke dirishani, tuone.

"Mwalimu, wewe ng'ombe ungemnunua bila kumwona akikamuliwa?"

"Ng'ombe ni ng'ombe," akajibu. Aliuza ng'ombe wake mkubwa, akamtuma mtu wa Nairobi anayeagiza mizigo, na katoni zikaja.

Zikanunuliwa zote! Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Hakuzipeleka sokoni, alizipeleka kwetu. Alipanda gari akafuata wanafunzi wake mji kwa mji, Karatina, Nanyuki, Timau, hadi Kenol, sanduku kwapani, koti na gambuti. Baadaye nilimuuliza Muriuki ilikuwaje.

"Aliingia," Muriuki akasema, "akaangalia dari, akaniuliza mbona sijapaka rangi. Halafu akaweka sanduku kwa kaunta. Ati, 'Muriuki, hii ni yako.' Ningesema nini?"

"Ungesema hutaki."

"Wewe ulisema?"

Sikuwa nimesema. Ile yangu ilikuwa chini ya kaunta, karatasi yake ya plastiki haijaguswa. Ya Muriuki ilikuwa stoo pamoja na misumari. Wambui, msimamizi kwenye shamba la maua Timau, alinunua mbili ili kumfurahisha, moja akasema ni ya dada yake, na zote mbili ziko juu ya kabati. Maina wa Kenol, mwenye lori, sanduku lake limeinua televisheni. Hayo yote nayajua kwa sababu watu huja dukani kwangu kutengenezewa vitu na kulalamika. Kila mmoja alininong'onezea ya kwake, akacheka, akaniomba nisimwambie Mwalimu.

Naye Mwalimu, kuona zimekwisha, akasema, "Kizuri chajiuza," akauza ng'ombe wa pili.

Nisieleweke vibaya, heshima yake aliipata kwa haki. Mimi mwenyewe alinikamata darasani na kale ka-gemu ka mkononi, ka kupanga matofali, kakiwa kamefunguliwa nyaya nje. Nilikuwa nimekafufua kwa waya wa redio mbovu. Nikanyoosha mkono nichapwe. Akakageuzageuza, akakatia mfukoni mwake, na Jumatatu akaniletea redio ya nyumbani kwake. "Hii imekataa kuongea. Iulize kwa nini." Nilipomaliza shule na matokeo yangu hayakumfurahisha mtu, yeye ndiye aliyekwenda kuongea na mkuu wa chuo cha ufundi, akasimama mlangoni kwake mpaka nikapata nafasi. Duka langu limetoka hapo. Kila mmoja wetu ana hadithi kama hiyo, na ndiyo maana hakuna anayeweza kumkatalia kitu.

Za awamu ya pili alinipa chache niziweke dirishani, nyingine akazihifadhi kwake. Niliziweka kwa moyo mweupe, nikaunganisha moja kwa televisheni ili watu waione ikifanya kazi. Vijana walisimama.

"Madam, hii iko na timu za saa hii?"

"Hapana."

"Inaingia kwa internet?"

"Haiingii."

"Sasa inafanya nini?"

Walinisikitikia kwa kweli, wakaenda zao. Lakini wao hawakuniudhi. Walioniudhi ni watu wa umri wangu. Mwanamume mzima, mkoba wa ofisi begani, angepita, arudi nyuma, macho yakamjaa machozi. "Ai! Hii! Unajua sisi tulikuwa tunacheza hii!" Angeshika jostiki, akaruka shimo la kwanza, akaanguka la pili, akanieleza habari ya chumba cha kwao Mukurweini au Othaya, nani alikuwa bingwa, nani aliiba kaseti, nani alichapwa na nani. Angenipotezea nusu ya asubuhi. Halafu angefuta macho, anunue chaja ya simu, aende. Mmoja baada ya mwingine, hivyo hivyo. Walitaka kuisimulia, hawakutaka kuimiliki. Nikamwelewa kila mmoja wao na nikatamani kuwapiga na hiyo chaja.

Nilimpa Mwalimu shauri ambalo mpaka leo naamini lingemwokoa. Nilimwambia akodi chumba pale Chaka, aweke mashine zake, mabenchi, watu waje na watoto wao Jumamosi wacheze kwa zamu, anayeshindwa ainuke. Nilimwambia mashine yenyewe si biashara, biashara ni chumba. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya mchungaji.

"Mimi? Nifungue pango la gemu?"

"Si pango, Mwalimu. Ukumbi."

"Mashine ni ya kuchezwa nyumbani, sebuleni, mtu ameketi wima, amemaliza kazi yake. Vyumba vya gunia nilivifunga mimi. Siwezi kuvifungua mimi." Akachukua koti lake. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, na siku nzima nikawa nawajibu wateja vibaya.

Haya, sasa mtamba, ng'ombe jike wake ambaye hajazaa bado.

Jumapili moja nimetoka kanisani, simu ikalia. Alikuwa mke wa Mwalimu, ambaye sote tunamwita Mama. "Mama Kui, kuja uongee na huyu mtu wako. Anataka kuuza mtamba. Tumebaki na huyo mmoja tu, na ako na mimba."

"Anauza ya nini?"

"Ati anaagiza masanduku ingine. Mnunuzi anakuja leo na pikapu. Mimi hanisikii. Wewe labda."

Nilifika Chaka bado na viatu vya kanisa. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo, upepo wa tambarare ya Kieni unarusha vumbi, na Mwalimu wa Zamu alikuwa kwenye zizi akimpangusa mtamba kwa gunia. Alikuwa mnyama mzuri, mweusi na mweupe, tumbo limeanza kushuka. Pale pa kuwekea nyasi zilipangwa katoni za awamu ya pili, na kuku alikuwa ametaga juu yake. Mama alisimama karibu na lango, mikono ndani ya leso.

"Mwalimu," nikasema, "usimuuze huyu."

"Nani amekuita?"

"Hizi vitu hazina soko. Hizi hapa si zimekaa?"

"Hizi zimekaa kwa sababu nilikuachia wewe kuuza. Za kwanza niliuza mwenyewe, zikaisha."

"Za kwanza hazikuwa na soko pia. Ulikuwa na sisi." Nikaanza kuhesabu kwa vidole. "Yangu sijaifungua. Ya Muriuki iko na misumari. Za Wambui ziko juu ya kabati. Maina ameinulia televisheni. Hakuna amecheza, Mwalimu. Hakuna hata mmoja."

Aliacha kupangusa. Akageuza ndoo ya maziwa, akaikalia, na kwa mara ya kwanza nikamwona ni mzee.

"Sasa mlinunua mbona?"

"Kwa heshima."

"Heshima ama uoga?"

"Na kuna tofauti gani, kwako?"

Nilijutia hilo neno lilipotoka, lakini hakulikasirikia. Kisha akaniuliza jambo ambalo katika miaka yote hiyo, na viboko vyote vile, hakuwahi kuuliza mtoto yeyote.

"Hii kitu, mlikuwa mnaipendea nini?"

"Kelele," nikasema. "Kubanana. Mmoja akishinda wote tunaruka. Na kujua wewe unaweza kuingia wakati wowote. Ukiikataza wewe, ilikuwa inakuwa tamu zaidi."

Mama akacheka pale langoni, akajiziba mdomo. Mwalimu naye akatabasamu kidogo, kwa pembeni ya mdomo. "Kwa hivyo mimi nilikuwa sehemu ya mchezo," akasema. "Na sipatikani kwa sanduku."

"Hupatikani, Mwalimu."

Akatoa simu mfukoni kumwambia mnunuzi asije. Wallahi niliona namba iko kwenye kioo, kidole kiko juu yake. Mama alitoa mikono ndani ya leso. Nami moyo wangu ukashuka mahali pake, nikahisi hata njaa.

Halafu kidole kikasimama. "Ngoja," akasema. "Jibu moja si ushahidi. Lazima nithibitishe."

Wanafunzi wake wa zamani tuna kundi la WhatsApp, na yeye yumo, bila shaka, maana nani angethubutu kumwacha nje. Aliandika humo polepole, kwa kidole kimoja, nami nikausoma ujumbe ukiingia kwenye simu yangu: "Nawauliza swali moja. Nani kati yenu amecheza ile mashine niliyowauzia? Nataka ukweli mtupu. Hakuna atakayechapwa."

Tukangoja. Muriuki alikuwa wa kwanza. "Mimi Mwalimu. Ni tamu sana."

Kisha Wambui: "Mimi pia Mwalimu. Watoto wanakataa kulala."

Kisha Maina: "Kila jioni Mwalimu. Mungu akubariki."

Wakaja wengine, na wengine, hata wale ambao najua hawakununua. Mimi, mimi pia, mimi Mwalimu, kama darasa linaloitika majina. Nikaandika kwa vidole vinavyokosea herufi: "Acheni uongo! Yuko karibu kuuza mtamba wa mwisho! Semeni ukweli!"

Wambui akanijibu mbele ya wote: "Mama Kui tafadhali. Heshima."

Nikamwonyesha Mwalimu simu yangu, sijui ya nini, kwani yake ilikuwa na maneno hayo hayo. "Wanadanganya," nikasema. "Wanadanganya kwa sababu ni wewe umeuliza!"

Alisoma majibu yote kutoka juu mpaka chini, akarudia. Mgongo ukamnyooka. Alipoinua macho hakuwa na hasira nami hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyeanguka mtihani peke yake darasa zima likipita.

"Unaona, Kasichana," akasema. "Ni wewe tu hukufungua."

Pikapu ilipiga honi nje. Mama akanitazama. Mwalimu wa Zamu akafungua lango mwenyewe. Mnunuzi akaegesha kinyumenyume, akashusha ubao, na mtamba akafika kwenye ubao akagoma, miguu ya mbele amekaza, tumbo linapanda na kushuka. Mnunuzi akavuta kamba. Mwalimu akasukuma kwa bega. Mnyama hakusogea.

"Kasichana," akaita bila kugeuka, "mbona umesimama? Kuja usukume huku."

Nikavua viatu vya kanisa, nikaenda, nikasukuma.